Gari ya Baba Mdogo: Orijino au Replika

Kilburn, London
Jumapili asubuhi

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye shikamoo, na Bibi mpe yake mara mbili maana najua ya kwanza hataisikia. Mnaendeleaje huko Tanga? Mguu wako umepona, au bado unachechemea huku unamwambia kila mtu uko fiti? Presha ya Mama je, anameza dawa au anazificha chini ya godoro? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imelegea, nilikuwa navaa sweta mbili, sasa navaa moja.

Barua hii anakuletea dada Neema, nesi tunayekaa naye ghorofa moja, anakuja kwao likizo. Mpe chai, ila usimuulize habari za gari kabla hujasoma. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunisikilizi. Nikikutumia ujumbe wa sauti, hata katikati haujafika wewe umeshajibu. Barua huwezi kuikatiza. Basi weka spana chini, kaa.

Baba, tumenunua. Na ni replika.

Najua, nakusikia mpaka huku. Ule ujumbe wako wa sauti kwa Baba Mdogo, mkewe Mama Mdogo Rukia anawachezeshea wageni kila wakija: "Salim, usiniletee feki kwenye ukoo. Nunua orijino au nunua baiskeli." Watu wanacheka, Baba Mdogo ananuna anaingia jikoni kujifanya anatafuta kijiko. Lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho, halafu ndiyo useme.

Gari yenyewe unaijua kuliko mimi. Ile ya meneja wa shamba la mkonge, ya kijani, milango miwili, paa la turubai, boneti ndefu, mliyokuwa mkiikimbiza kwa miguu wewe na mdogo wako mpaka vumbi linawajaa mdomoni. Wewe ukakua, ukafungua garaji, ukashika malori, ukaisahau. Mwenzio hajaisahau hata siku moja. Kaendesha basi la ghorofa hapa London tangu mimi sijazaliwa, njia ile ile, vituo vile vile, na kwenye mkoba wake wa kazi kulikuwa na picha ya gari hiyo aliyoikata gazetini. Sasa kastaafu, kiinua mgongo kaweka, nyumba shwari. Akasema zamu yake imefika.

Kuna jambo hakukwambia, na kaniruhusu nikwambie mimi. Ana presha ya macho. Usishtuke. Anatia matone asubuhi na jioni, na daktari kasema mwaka huu anaona vizuri, leseni anayo, aendeshe. Mwakani watampima tena. Hapo kwenye "mwakani" daktari hakutaka kuahidi kitu. Ndiyo maana haraka, Baba. Haikuwa anasa ya mtu mzima kama ulivyosema. Alikuwa anataka kuendesha gari moja tu duniani, wakati bado anaruhusiwa.

Na usidhani mimi ndiye niliyemshawishi kununua replika. Mimi nilikuwa nalilia orijino kuliko hata wewe. Wewe si ulikuwa unanifukuza garaji, ukisema binti hashiki grisi? Nikajifunza kwenye simu, video moja baada ya nyingine, mpaka leo nafanya kazi kwenye garaji ya watu hapa chini ya daraja la treni na wananiachia injini nzima peke yangu. Nilikuwa na hamu ya kupata gari ya zamani ya kweli, niifungue yote, nati kwa nati, niijenge upya kwa mikono yangu. Nikikaa kwenye treni naota kabureta. Nilishamwambia Baba Mdogo, wewe nunua tu, kazi niachie mimi.

Basi tukapata tangazo la orijino, kijijini huko Kent. Jumamosi moja tukaenda, mimi, yeye na Mama Mdogo na hotipoti ya chapati. Mwenye gari ni mzee wa Kiingereza, mwembamba, mpole, anaishi peke yake. Akatufungulia banda, akavuta blanketi taratibu kama anamfunua mtoto aliyelala. Baba, ilikuwa yenyewe. Kijani ile ile mnayoisemaga. Nikamtazama Baba Mdogo, keshaisogelea.

Halafu akafungua mdomo. Unajua jinsi tunavyonunua kitu sisi. Ukikipenda, unakiponda. Akaanza kuizunguka huku anatikisa kichwa. "Rangi imechoka hii. Viti vimekufa. Tairi gani hizi, za baiskeli? Hii mtu akikupa bure unafikiria mara mbili." Na anasema kwa Kiingereza safi cha dereva wa basi, mzee wa watu asikose hata neno. Na mimi kichwa maji nikamsaidia, nikapiga piga bodi kwa vidole, nikasema kuna puti humu, ya kuficha kutu. Tulijua naye atajibu, atasifia mali yake, tutavutana, tutacheka, tutafika bei.

Wapi! Akachukua blanketi, akaifunika tena, akaweka kona zake sawa. Akasema, "Samahani kwa kuwasumbua kuja mbali. Nadhani hii gari si yenu." Akatutoa nje, akafunga banda.

Tumesimama uani kama tumefukuzwa msibani. Baba Mdogo ananiuliza, "Sasa kakasirika nini? Hata bei sijataja." Mama Mdogo, aliyekuwa amekaa ndani ya gari letu muda wote anasema yeye haoni ubaya wa kupanda basi, akashuka. Akafunga mtandio, akaenda kugonga mlango wa yule mzee. Tukamfuata nyuma nyuma. Namsikia anasema: "Huyu mume wangu akipenda kitu anakitukana. Alipokuja kwetu kunichumbia, alimwambia baba yangu bati za nyumba zimeoza. Ukiona anasifia kitu, ujue hakitaki."

Yule mzee akamtazama Baba Mdogo. "Ni kweli?"

"Bati zilikuwa zimeoza kweli," Baba Mdogo akasema.

Mzee akacheka mpaka akashika mlango. Akatukaribisha chai, chapati zikaliwa, banda likafunguliwa tena. Safari hii Baba Mdogo akasema ukweli wote, meneja wa mkonge, vumbi, picha ya gazetini. Yule mzee akasema atamuuzia, na bei akaiteremsha mwenyewe bila hata kuombwa. Baba, ilikuwa imeshakuwa yetu. Ilibaki mimi niingie chini niitazame, niseme ndiyo.

Nikaingia na tochi. Huku kipindi cha baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, chumvi hii hii ya kula. Gari hiyo imepita kwenye chumvi miaka na miaka kabla ya kulazwa. Chasisi nikiibonyeza kwa bisibisi, bisibisi inazama. Mabomba ya breki yameliwa na kutu. Taa zake, mzee alipoziwasha, mwanga wake ni wa kibatari. Nikawa nimelala pale chini, nimefurahi na nina huzuni, vyote pamoja. Kila kitu pale kilikuwa kazi ninayoitamani. Nikajua hasa nitaanzia wapi. Nikajua pia itachukua muda gani.

"Saumu, sema basi," Baba Mdogo ananiita. Anaona miguu yangu tu.

Nikatoka. "Inajengeka," nikasema. "Miaka miwili. Labda zaidi, maana nafanyia siku za mapumziko."

"Nitasubiri."

Mama Mdogo hakupandisha sauti. Akamuuliza, "Utasubiri kwa macho gani, Salim?"

Mimi ningeweza kusema nitajitahidi mwaka mmoja. Neno lilikuja mpaka ulimini, Baba, nikalimeza. Nikamwambia, "Baba Mdogo, hii ni ndoto yangu mimi ya kuifungua. Yako wewe ni ya kuiendesha. Ukiinunua, mimi nitafurahi miaka miwili, wewe utakuwa unaniletea chai."

Akaenda akaweka kiganja kwenye boneti. Mama Mdogo akamweleza yule mzee habari ya macho. Mzee akasema naye hajaitoa bandani siku nyingi mno. Anaogopa mvua, anaogopa mawe, anaogopa wezi. Marehemu mkewe alikuwa akimwomba waende nayo baharini, wakawa wanangoja siku nzuri. Ndiye aliyetuambia kuna mwenzake wa klabu, kijiji cha pili, mwalimu mstaafu, mama, kajenga replika kwa mikono yake na anaiuza. "Mimi naidharau," akasema, "lakini kila wiki inanipita hapo nje."

Replika, Baba, ni gari mpya iliyojengwa kwa umbo lile lile la zamani. Bodi ya faiba haishiki kutu. Injini ni ya gari ya kawaida, spea zake zimejaa kila duka, breki za leo, taa za leo zinazomulika hasa. Yule mwalimu akanipa mpaka jeki niiinue niangalie kila mshono, tukazungumza mambo ya kuchomelea mpaka Mama Mdogo akasinzia. Kazi safi. Hata wewe usingepata pa kukosoa, na najua ungetafuta.

Baba Mdogo kasimama mbali kakunja mikono. "Feki," anasema. "Kaka atanicheka mpaka kaburini."

"Kaa tu ndani," nikamwambia.

Akakaa. Akashika usukani. Akatazama geji za dashibodi, akavua miwani, akazitazama tena, akairudisha. Akawasha taa, mwanga ukapiga ukuta wa mbele mweupe kabisa. Akaniuliza bila kugeuka, "Daktari alisema vipi vile?"

"Mwaka huu uko sawa."

"Mwaka huu," akasema. Akavuta mkanda, akaufunga. "Nzuri sana gari hii. Rangi nzuri, viti vizuri, tairi nzuri."

Mama Mdogo akashtuka. "Ya Allah, anaisifia. Haitaki."

"Naitaka," akasema Baba Mdogo. "Nimechoka kutukana."

Hakuomba hata shilingi ipungue, Baba. Mdogo wako. Yule yule.

Akaiendesha mwenyewe mpaka London, paa wazi, Mama Mdogo pembeni kashika mtandio kwa mikono miwili. Mimi nyuma na gari letu nashindwa kumfikia. Aliyetembea na basi maisha yake yote, ukimwachia gari nyepesi anakuwa mtu mwingine. Jioni ile ile akasema lazima tupite Edgware Road, pale kwenye mikahawa ya Waarabu, ambako vijana wa Ghuba wanaegesha magari yao ya mamilioni. Tukaegesha kati yao. Watu wakasimama, simu zikatoka. Mzee mmoja wa Muscat aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kitamu, akaizunguka, akamuuliza, "Bwana wee, hii asli?"

Nikaona Baba Mdogo anavuta pumzi. Nikaogopa atasema uongo.

"Ya asli ipo Kent," akasema, "imelala chini ya blanketi. Hii iko macho. Panda."

Mzee akapanda, wakazunguka mtaa, wakarudi wanacheka kama wametoka shule. Akafuata mwingine, na mwingine. Kila akishusha mtu anasema "Kituo kinachofuata", kwa ile sauti yake ya kazini. Mama Mdogo, ambaye haoni ubaya wa kupanda basi, kafukiza udi kwenye viti asubuhi yake, na sasa ndiye anayeuliza tunatoka saa ngapi.

Basi hukumu yako nimeikubali kabla hujaitoa. Iite feki ukitaka. Mimi nimemwona mdogo wako akibadilisha gia kwenye mteremko kajiachia, anaimba, na hilo huwezi kulijenga garaji hata kwa miaka kumi.

Msalimie Mama sana na umwambie dawa ni za kumeza. Msalimie Bibi, mwambie mwanawe wa mwisho kapata gari ya meneja. Msalimie kaka Athumani anayekushikia jeki, shangazi wa Chumbageni na vitumbua vyake, na yule jirani yetu fundi cherehani anayekuombeaga mguu. Mama Mdogo anasema amekusamehe ule ujumbe ila ataendelea kuuchezesha.

Niishie hapa. Baba Mdogo kasimama mlangoni na funguo, matone kashatia, miwani kashavaa. Anakwenda Kent kumchukua yule mzee, ampeleke baharini. Viti ni viwili tu, kwa hiyo mimi ninabaki, na sijawahi kubaki nyumbani kwa raha namna hii.

Mwanao anayenuka grisi hata Jumapili,

Saumu