Ua la Petali Sita Ukutani

Kikatiti, Jumapili jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na Mlima Meru haukujifunua hata kidogo. Mniwie radhi wasomaji wangu, leo sina neno la kuchangamsha.

Binti yangu Upendo, anayechunguza virusi huko ng'ambo, aliniletea picha ndani ya fremu. Niliona ua lenye petali sita, la zambarau na njano. Nikamshukuru, nikalitundika kando ya picha ya marehemu mama yake, kama mtu awekavyo shada.

Leo baada ya ibada jirani yetu Mama Elia alilisifu. "Shemeji, haya ndiyo maua ya kupanda. Hayanyauki, wala mbuzi wangu hawatayala."

Upendo hakucheka. Jirani alipoondoka akasema, "Nisamehe Baba, nilidhani umeelewa. Hiyo ni protini ya kirusi cha homa ya Bonde la Ufa."

Ndiyo homa iliyomchukua mama yake. Wakati wa zile mvua kubwa ng'ombe wetu alitupa mimba, na mke wangu akamsaidia kwa mikono mitupu, kama alivyozoea. Hatukujua kuwa damu ya mnyama huambukiza. Wiki haikuisha, tukamzika.

"Mliionaje?" nikamwuliza.

"Kwa macho haionekani, Baba. Tunaiacha itulie mpaka igande kuwa fuwele, kama magadi kando ya ziwa. Kisha tunaipiga eksirei. Tunapata nukta tu. Umbo tunalitafuta kwa hesabu."

"Na mkishalipata?"

"Tunatafuta mahali pa kuliziba kwa dawa, kirusi kisiweze kuzaana."

Nikaigeuza picha, uso ukaelekea ukuta. Upendo akaondoa vyombo mezani.

Miaka yote hii nimeogopa kitu kisicho na sura. Sasa kina sura, na, Mungu anirehemu, ni nzuri. Nikifumba macho naiona ikichanua mikononi mwa mke wangu.

Jioni hii nilichuma jani la isale mpakani mwa shamba, lile ambalo kwetu hupewa mtu unayemwomba msamaha. Nikampa binti yangu. Alilipokea kwa mikono miwili, akaniomba jambo moja tu: nimbariki kesho kabla hajarudi kazini kwake.

Nimekubali.

Lakini nitambarikije, ilhali kazi yake nimeielekeza ukutani? Na nikiigeuza, nitamtazamaje mama yake aliye kando ya ua hilo?