Hali ya Familia Imebadilika

Jumamosi, mwezi wa tano. Bariadi mjini.

Jua limerudi. Wiki nzima lilikuwa likichungulia na kujificha, leo limekaa kabisa, na barabara ya stendi imeshaanza kutimua vumbi kana kwamba mvua haikunyesha mwaka huu. Mimi sijambo. Nimeoga, nimekula viazi na chai kwa shangazi, nywele zangu zimeanza kuota tena.

Nimepata chuo. Na msaada wote nimepata.

Nimeiandika hiyo sentensi, nikaisoma, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Ni kama kuukalia mguu mpaka ukafa ganzi: unauona ni wako, unaugusa, lakini haukujibu.

Acha niandike tu yalivyokwenda. Labda huko mbele nitajikuta.

Nilipomaliza kidato cha sita, mwalimu wetu wa Kiingereza aliniambia kwamba Marekani kuna vyuo vya wanawake watupu, na baadhi yake huwasaidia wasichana wa nje wasio na uwezo. Nikaomba vitatu. Niliomba hapa hapa, kwenye kibanda cha intaneti cha dada Neema, jenereta likizimika katikati ya ukurasa na mimi nikianza upya. Blogu hii nilianzisha wakati ule ule. Insha za maombi zilikuwa zinanishinda, nikataka nizoee kusema "mimi" bila kuona haya.

Baba analima pamba kijijini kwetu, Ipililo. Alikuwa analima. Nilipomweleza habari ya vyuo, aliuliza jambo moja.

"Wanawake watupu? Ni watawa hao?"

"Si watawa, Baba."

"Wanaolewa?"

"Anayetaka anaolewa."

"Haya. Omba."

Viwili vilinikataa. Cha tatu kikanikubali, ila msaada wao haukutosha, pengo lililobaki lilikuwa letu. Nilikwenda nyumbani nikamsomea Baba ile barua pepe niliyoichapisha. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hawa wamefungua mlango nusu. Rudi ubishe tena."

Baba hakuwa mtu wa kukata tamaa na wanunuzi. Tangu ushirika ulegee na makampuni yaanze kuja na mizani yao, kila msimu alibishana nao mpaka wakamwogopa. Alidhani na chuo ni hivyo hivyo, unarudi, unabisha, bei inapanda.

Nikarudi, nikabisha. Mama mmoja wa ofisi ya misaada akanijibu kwa upole kwamba fedha za mwaka huu zimekwisha gawanywa. Isipokuwa, akaandika, hali ya familia iwe imebadilika. Hapo wataliangalia ombi langu upya.

Baba alicheka sana. "Ibadilike iende wapi? Wanataka tuwe maskini kuliko hivi?"

Wiki iliyofuata alishikwa na homa. Tulidhani ni ile ya kila masika. Siku ya tatu akaanza kuzungumza na watu ambao hawakuwepo chumbani. Bamdogo Masanja, mdogo wake, akamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, na gari la mizigo likawafikisha hospitali Maswa. Malaria ilikuwa imeshapanda kichwani. Nilipofika kutoka Bariadi nilimkuta amefunikwa shuka.

Hali ya familia ikabadilika.

Nakiri hapa, kwa sababu sina pa kukiri kwingine. Maneno hayo yalinijia kaburini, udongo ukiwa bado unamwagwa. Yalinijia kwa Kiingereza, kama yalivyoandikwa. Wanawake walikuwa wananishika mabega wakidhani nitaanguka, na mimi nilikuwa nimesimama wima, nasoma barua pepe kichwani.

Sikulia siku ile. Mpaka leo sijalia.

Baada ya matanga Bamdogo aliniita pembeni ya zizi.

"Kabula, umewaandikia wale Wazungu?"

"Bado, Bamdogo."

"Unangoja nini?"

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia naona kama nachukua kifo cha Baba nakwenda kuombea pesa.

Bamdogo si mkali, na hata siku hiyo hakupandisha sauti. "Kaka amekuombea wewe kwa kila mtu," akasema. "Kwa mwalimu mkuu, kwa padri, kwa watu wa pamba. Kote huko aliinamisha kichwa. Wewe ndiyo uone aibu?"

Nikaingia ndani.

Mama alikuwa kwenye mkeka, amenyolewa, shingo yake imekuwa nyembamba ghafla. Alikuwa amesikia yote. Kwetu kuta hazizuii maneno.

"Leta karatasi," akasema. Alisema kwa Kisukuma, kila kitu tunasema kwa Kisukuma nyumbani, mimi hapa nakigeuza. "Utawaandikia. Ila usiwaandikie kwamba amekufa halafu ukaweka nukta. Alikuwa mtu."

Nikaketi.

"Waambie alikuwa anapalilia huku anaimba."

"Mayu, hawajauliza hilo."

"Wasipouliza ndiyo wasijue? Andika."

Nikaandika.

"Waambie walikuja watu kutoka Kimali kukuposa, wana ng'ombe wa kujaza bonde. Akawapa maziwa, akawasindikiza. Waambie alisema binti bado anasoma. Waambie majirani walimcheka."

Hilo sikuwa nalijua. Niliwakumbuka wageni, sikujua walifuata nini. Nikaendelea kuandika.

"Waambie alikuwa mbishi. Waambie hakunipiga. Waambie alikuwa anakoroma."

Nikasubiri aongeze. Hakuongeza, akageukia ukutani, na mimi nikakunja karatasi.

Niliitafsiri yote. Ya kukoroma pia. Nikaambatisha cheti cha kifo na barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri. Dada Neema alipovipitisha kwenye mashine yake aliviona, akanisogezea kiti.

Alhamisi jibu likaja. Wameliziba pengo lote. Tiketi, bima, vitabu, kila kitu. Mwezi wa nane naondoka.

Nilisoma nikasema "haya". Dada Neema akauliza kuna nini, nikamwambia nimepata. Akanikumbatia akaruka. Mimi nikaruka naye, kwa sababu yeye alikuwa anaruka.

Ijumaa nikaenda Ipililo. Nilimkuta Mama shambani, pamba za kwanza zimeanza kupasuka, yuko na mama Lucia, jirani yetu, wanachambua kwenye kanga. Nikawaambia. Mama Lucia akapiga kigelegele, kile cha harusi, kile kinachotoka tumboni. Kikafika katikati akakumbuka. Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kwetu bado ni nyumba ya msiba.

Nilisikia inzi.

Mama akainuka, akajifuta mikono kwenye gauni. "Kimalize," akamwambia. "Usikiache njiani."

Mama Lucia akatikisa kichwa, anatokwa na machozi, hawezi. Basi Mama akakimaliza mwenyewe. Sauti yake ilikuwa imekauka, ilikwama, akameza mate, akaendelea mpaka mwisho. Halafu akakaa chini, akavuta pamba, akaniuliza kama nimekula.

Nilimwangalia nikajua kwamba ninaliona jambo ambalo nitalikumbuka mpaka nizeeke. Nilijua hivyo kama mtu anavyojua jibu la mtihani. Ndani mlikuwa kimya.

Nikajifunga kanga, nikachambua nao pamba mpaka jua likapoa.

Sasa niko hapa tena kwa dada Neema, nimekuja kumjibu yule mama wa ofisi ya misaada. Mwisho kabisa wa barua yake, chini ya jina lake, aliongeza mstari. Anasema ofisini waliisoma barua yangu kwa sauti, na walipofika kwenye jina la Baba kila mtu alilitamka kivyake. Anauliza linatamkwaje. Wangependa kulisema sawasawa.

Nimekwama hapo tangu asubuhi.

Ng'washi. Nitamwelezaje Mzungu ile sauti ya mwanzo? Nimeandika kwamba inaanzia nyuma ya pua, nikafuta. Nimeandika kwamba ni kama unaanza kuguna halafu ukabadili nia, nikafuta. Ndipo nikagundua kwamba hata mimi sijawahi kulisema. Mtoto hamwiti baba yake jina. Shuleni nililiandika kwenye kila daftari baada ya langu, lakini mdomoni halijawahi kupita.

Nikaona nilitamke nisikie linaanzia wapi.

Nikalitamka. Polepole, kwa sauti ya kawaida.

Dada Neema akainua kichwa kule kaunta. "Abee? Unamwita nani?"

"Simwiti mtu, dada."

Akarudi kwenye kazi zake. Nikalitamka tena, na safari hii sauti yangu ikatetemeka mwishoni, kidogo tu, kama mguu unaoanza kutoka ganzi.

Nitaanza na hiyo.