Miti ya Ngitili Haikuibwa

Mdogo wangu Kabula,

Miti ya ngitili yetu haikuibwa. Mimi ndiye niliyeruhusu ikatwe, na hilo sijamwambia mtu mwingine.

Hapa Tinde Babu na Mama hawajambo, na ndama wako amenenepa. Umeuliza ilikuwaje. Unakumbuka Babu huifunga ngitili masika yote, ng'ombe wasiingie, ili kiangazi wapate malisho na kivuli. Siku ile wote walikuwa mnadani. Akaja mzee mmoja na lori, anatafuta magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu huko Geita. Nikapiga goti, nikamwamkia.

"Marahaba, binti. Nimeshaongea na babu yako. Au unaniona mwongo, mtu mzima mimi?"

Nikaona haya kumbishia. "Hapana, baba. Kateni tu."

Babu aliporudi aliniuliza kama nilimwona mtu. Nikatikisa kichwa. Sasa anamshuku jirani yetu, Mzee Masanja. Juzi Masanja alipita akamsalimia, "Mwangaluka!" Babu akageuka kutazama ng'ombe. Mimi niliendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Shuleni niliandika vizuri sana habari za kutunza miti, lakini kumwambia mgeni "msubiri Babu" kulinishinda.

Jumapili wazee wa kijiji wanamwita Masanja. Nataka kusema kabla hajasimamishwa mbele yao. Tafadhali usimwambie mtu, hata Shangazi, mpaka Babu alisikie kutoka kwangu.

Dada yako,
Minza