Perege Wako, Mama Felista

Mama Felista,

Yule perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu nilimvua mimi, kwa mkono mmoja, na wa pili umeshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi.

Haya, usinikunjie uso. Ulimvua wewe. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeng'ang'ania mtumbwi, na macho nimefumba.

Unaikumbuka Krismasi ile? Mwanao Joseti kaja kutoka Dar na pikapu ya kuazima, anasema watu wa mjini wakipata likizo wanakodi mtumbwi, wanavua kwa raha tu. Nikauliza raha gani, na mbuzi yuko bandani, hana hata mwiba mmoja. Ukasema, "Mzee, kahawa umeshaing'oa, huna la kulinda hapa. Twende." Ukachimba nyungunyungu migombani, ukawatia kwenye kopo la maziwa.

Mwenye mtumbwi alipoona dumu letu la mbege akauliza kama tumekuja kuvua au kuposa. Mle ndani mlikuwa na ubao mmoja tu mkavu, mbele, nami nikaukalia. Ukasema unasikia kichefuchefu. Nikakupisha, nikakaa chini kwenye maji na suruali yangu ya kanisani. Ukaahidi, "Safari ijayo utakaa wewe mbele." Punde si punde kichefuchefu hakipo, unavuta mshipi na kucheka kama msichana.

Tulipomchoma pale ufukweni nikaomba kisu. Mama yangu alikufa hajaonja samaki, alimwita nyoka wa majini, basi nani angenifundisha? Nikamkata kama mbuzi. Kidari cha baba mwenye nyumba. Paja la shemeji tukalitafuta, tukalikosa. Nikakitafuna kidari changu kwa heshima zote, mwiba ukanikaa kooni. Ukanifinyangia tonge la ugali, ukanipiga mgongoni mpaka ukashuka.

Tukirudi, kabla pikapu haijafika Himo, katika masimulizi yangu nilikuwa nimeshamvua mimi. Wewe ukaangalia nje, kimya. Miaka yote hiyo nikiisimulia, ulikaa pembeni ukimenya ndizi, kimya vilevile.

Huku kumebadilika. Felista anatupikia mtori, chumvi anaitia kama aliyekasirishwa nayo. Ng'ombe wako hakubali nimkamue mpaka nijifunge kanga yako. Ndiyo, majirani wameniona. Waone tu. Ina harufu yako bado, nami sijairuhusu ifuliwe.

Juzi ilikuwa Krismasi ya kwanza bila wewe. Wajukuu wakanizunguka: "Babu, tuambie ya samaki." Nikaanza vizuri, nikalikuza dumu la mbege, nikamtukana mwenye mtumbwi. Nilipofika pale mshipi unapovutwa, nikageuka upande wako kama kawaida, pale kwenye kigoda. Hapakuwa na mtu wa kunitazama na kunyamaza. Kumbe uongo ule tuliubeba wawili, mwenyewe siuwezi.

Nikasema, "Alimvua bibi yenu."

Nilidhani watashangaa. Yule mkubwa wa Joseti akanipa kata yangu, akasema, "Tunajua, babu. Bibi alituambia tukuachie samaki wako."

Mwanamke wewe. Uliwaambia lini?

Nikatoka nje kumtazama mbuzi aliyekwishachinjwa, nikakaa huko kidogo. Niliporudi nikakata kidari, nikakiweka kwenye sahani ya Felista, mbele ya wazee wa ukoo. Wakakohoa wote kwa pamoja. Felista akakila mpaka mfupa, ana meno yako.

Sasa nakuahidi: kila Krismasi niliyobakiziwa, kidari kitaenda upande wako, na samaki atavuliwa na wewe. Dumu la mbege tu nitaendelea kulikuza, hilo niachie.

Pumzika, mama watoto. Mimi sina haraka, ng'ombe ana mimba. Ila safari ijayo ndiyo hiyo ninayokuja, na ule ubao mkavu wa mbele nakudai. Nishikie. Na nikifika, usiniletee habari za kichefuchefu.

Mzee wako,
wa Kilema