Kuku wa Kurudi Jioni

Mjukuu wangu Mwende,

Mimi susu wako niko salama hapa Kisaju. Baba yako bado yuko na kazi kule Embulbul, alinipigia simu Jumapili. Mvua imenyesha kidogo.

Umeuliza kutoka huko Doha uninunulie kuku gani, na ukasema wale wa mayai hutaga kila siku. Ni kweli. Lakini hayo mayai yote nitakula na nani?

Nikiwa msichana kule Ukambani, mama alileta kuku wawili, mweupe wa mayai na mwekundu wa kienyeji. Aliwafunga kamba mguuni kwanza, vile kuku mgeni hufungwa mpaka azoee boma. Alipowafungua, yule mweupe alitaga vizuri, lakini giza likiingia alilala popote alipokuwa, mpaka tumfuate na kumbeba. Mwekundu alizurura hadi shamba la jirani, na jua likishuka tunamwona huyo, anarudi mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni akimngoja. Akasema, "Huyu ameshajua kwao." Nikamwona akitabasamu, na mwaka huo hakuwa mtu wa kutabasamu.

Kwa hivyo ninunulie wa kienyeji, wachache tu. Kamba niko nayo tayari. Siku hizi nafunga mlango hata kabla jua halijatua, kwa sababu hakuna wa kungoja.

Susu wako