Kaburi la Baba na Kichwa cha Kamau

Alhamisi jioni, Ruiru. Manyunyu tangu mchana.

Leo nimempiga ndugu yangu Kamau kwa mpini wa jembe. Kichwani, mara mbili.

Ile ya pili nilikusudia.

Mimi ni mwalimu wa sosholojia katika chuo kimoja huko Thika. Asubuhi wanafunzi wangu walikuwa wakilinganisha jamii zinazotukuza roho na zile zinazotukuza mali. Niliringa kweli. Nikawaambia mtu wa mali anaweza kumuuza hata mama yake, lakini mtu wa roho hana haja ya kupigana na yeyote. Wakaandika kila neno.

Nikiwa bado chuoni, jirani yetu wa nyumbani, Murera, akanipigia simu: Kamau ameleta vibarua, wanafukua kaburi la baba.

Shamba linauzwa na mnunuzi hataki kaburi ndani yake. Pesa ni za matibabu ya mama, figo zake zimechoka. Mama mwenyewe alikubali na kibali cha kuhamisha kaburi kilitoka. Ni mimi tu niliyekataa. Kwetu aliyezikwa hasumbuliwi, nilisema, nikaona nimemaliza mjadala.

Nilipofika walikuwa wameshang'oa msalaba. Kamau akaja akinyoosha mikono.

"Wambui, ebu tulia kwanza, tuongee."

Nilimpokonya kibarua jembe. Kamau akaanguka kwenye udongo uliofukuliwa, damu ikimwingia machoni, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona raha. Kama vibarua hawangenishika ningeendelea.

Mama alitoka akijishikilia ukutani. Hakupiga nduru.

"Mmoja nilishazika," akaniambia. "Na huyu pia unataka nizike?"

Kamau ameshonwa. Jicho la kushoto halijafunguka na daktari hasemi kama litafunguka. Alipoulizwa kimetokea nini, alisema aliteleza. Mtu wa mali huyo, akinifichia.

Naona aibu. Sijui nilikuwa nikitetea roho ya nani. Ya baba haikuwa, yule mzee hakuwahi kutuchapa hata kofi.

Kesho nitampigia mnunuzi mimi mwenyewe nimwambie kazi inaendelea. Nitasimama pale hadi mfupa wa mwisho utoke. Baba akikasirika, anajua pa kunipata.