Karatasi Ishirini na Mbili Zisizo na Muhuri

Jumapili, Agosti. Tumati, Mbulu. Baridi ya kuuma masikio, na ukungu haujaondoka mlimani tangu asubuhi. Nimevaa makoti mawili na bado vidole vinagoma kuandika. Labda vina haki ya kugoma. Vimeandika vya kutosha wiki hii.

Mliosoma andiko langu la Alhamisi kwenye ukurasa huu mlinisifu sana. "Mwalimu umewapasua." "Kalamu ya moto." Leo nimelifuta. Someni sababu, na safari hii msinisifu.

Miaka mingi nimeandika hapa kuhusu vita vya mashariki mwa Kongo. Nimeandika kuhusu madini yaliyomo ndani ya simu zetu, kuhusu soko huria lililotufungulia maduka na kutufumba macho, kuhusu viongozi wanaokutana hotelini kupiga picha. Nimegombana na kila aliyenijibu. Ukiniuliza maandiko yote yale yalimpa nani hata kikombe cha maji, sina jina la kukutajia.

Kitu pekee cha maana nilichofanya nilikifanya kimya, na wala hakikuwa wazo langu.

Furaha alikuwa binti wa wakimbizi wa Kongo waliopanga nyumba jirani na yangu kule Kigoma, nilikopangiwa ajira ya kwanza. Nilimfundisha hesabu barazani. Baadaye familia ilirudi kwao, naye akawa mwalimu. Mwaka jana shule yake ilichukuliwa na askari. Wa upande gani, hakuniambia. Madawati yakawa kuni. Rejista na ripoti za wanafunzi zikawashiwa moto wa kupikia. Furaha akawakusanya watoto wa darasa la tano aliobaki nao, akawaingiza kwenye ghala la kanisa, akaendelea kufundisha.

Akaniandikia: "Mwalimu, asubuhi ninafundisha, jioni natafuta chakula. Kusahihisha siwezi. Unisaidie."

Basi nikawa msahihishaji. Yeye anapiga picha madaftari na kuzituma mtandao ukikubali, mimi nasahihisha hesabu na Kiswahili hapa mezani na kurudisha. Mwaka mzima sasa. Nawajua kwa mwandiko. Kuna anayeandika saba kama moja. Kuna anayebana herufi ili daftari lisiishe. Na kulikuwa na Riziki, msichana wa miaka kumi na tatu, ambaye hakubali kukosolewa. Nikimwekea kosa anakokotoa upya pembeni na kuandika: "Mwalimu, angalia tena." Mara mbili alikuwa sahihi yeye.

Mwezi wa sita Riziki na shangazi yake walivuka mpaka, wakafika mahali penye amani. Shangazi akampeleka shule. Wakaulizwa karatasi. Hawana. Riziki akawekwa darasa la kwanza, katikati ya watoto wa miaka sita, akafundishwa kuandika herufi a. Alikaa siku mbili. Ya tatu hakwenda, na hajakanyaga tena. Anachotea watu maji.

Wenzake ishirini na mbili wanaondoka kesho alfajiri na familia zao. Furaha aliniomba kitu kimoja tu: karatasi kwa kila mtoto, yenye jina la shule yetu na muhuri, inayosema kwamba kazi za mtoto huyu zimesahihishwa na mwalimu wa shule hii kwa mwaka mmoja, na kwamba kiwango chake ni darasa la tano. Hakuna uongo hata neno moja. "Saini yako peke yake ni mapambo," aliandika. "Wanaangalia muhuri."

Mwalimu mkuu wetu nilimfundisha mimi. Hata leo, akiwa bosi wangu, ananiamkia shikamoo kwanza ndipo anitume. Jumatano nilimpelekea karatasi zote nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, hotuba nzima imenijaa kifuani. Alisoma tatu, akazipanga vizuri, akasema, "Niachie, mwalimu. Ijumaa jioni watu wakishaondoka nitazigonga. Ila tafadhali, hili libaki mimi na wewe."

Nilitoka ofisini na hotuba yangu haijapata pa kutua.

Ilitua Alhamisi, hapa. Niliandika kwamba shule moja ya kijijini Mbulu inakwenda kufanya kwa muhuri wa mpira kile ambacho mabalozi na mikutano yao wameshindwa. Sikuitaja shule. Lakini kila mtu huku anajua ninafundisha wapi, na nilijua kwamba wanajua. Nilitaka wajue. Nilitaka wale ninaobishana nao wanione nimeshinda kwa kitendo.

Huo ndio ukweli, na unanuka.

Ijumaa saa nne asubuhi simu ilipigwa kutoka juu. Saa sita niliitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama. Alinipa shikamoo yake kama kawaida. Ameagizwa aandike maelezo, kwa nini muhuri wa serikali utumike kwa watoto wasiokuwa kwenye rejista ya shule. Muhuri wenyewe umechukuliwa mpaka suala liishe.

"Nilikuomba siku mbili, mwalimu," alisema. "Siku mbili tu."

Nikamwambia nitaandika kumtetea.

"Usinitetee. Nakuomba sana."

Mke wangu alisikia habari kabla sijafika nyumbani. "Baba Emiliana," alisema, "wewe hata ukipewa uji lazima kwanza ukihutubie kikombe." Siku nyingine ningejibu, tungecheka. Niliendelea kula. Akaniongezea maziwa bila kuombwa, na hilo liliuma kuliko maneno.

Kuna walimu wenzangu ambao huniandikia kuuliza sisi tulio mbali tuwafanyie nini raia walionaswa vitani. Nilikuwa nawajibu kwa kurasa. Jibu ni fupi. Sahihisheni madaftari. Tunzeni majina. Mkiweza kugonga muhuri, gongeni, halafu mnyamaze.

Mimi nilishindwa hilo la mwisho. Lile rahisi.

Leo baada ya ibada nilikwenda nyumbani kwa mwalimu mkuu kuomba radhi. Alikuwa anafunga ndama. Akaniletea kigoda, akaita mtu alete chai. Alisema hana kinyongo, na nilimwamini, na ndiyo maana sikuweza kumtazama. Nikamuuliza kama kuna mwalimu mkuu mwingine kata hii au ya jirani ambaye angeweza kugonga usiku huu.

"Nani, mwalimu? Wote wamesoma."

Alikuwa amesema kweli. Makala yangu ya kawaida husomwa na watu wachache, nusu yao wakitafuta cha kunitukania. Hii moja waliisoma wote.

Saa kumi nilipanda kwenye kilima penye mtandao, nikamtumia Furaha picha za karatasi zote, zikiwa na saini yangu tu. Nikamweleza kilichotokea bila kujitetea. Nadhani ni mara ya kwanza maishani. Jibu lilichelewa. "Zimefika, mwalimu. Nimewaambia wakiulizwa walisoma wapi, wataje jina lako."

Tangu hapo nimekuwa nikimwona mtoto amesimama mbele ya meza fulani, anataja jina la mtu ambaye hajawahi kumwona, wa nchi ambayo hajawahi kufika. Na nyuma ya meza kuna mwalimu. Nimejaribu kumchukia mwalimu huyo. Nimejaribu kumpa sura, ya mtu mnene, mvivu, asiyejali. Sura inayokuja ni yangu.

Kwa sababu shuleni kwetu mimi ndiye mwalimu wa uandikishaji. Mwaka wa kumi na moja huu.

Kuna mwaka wa ukame alikuja baba mmoja mfugaji kutoka tambarare za Gehandu, amepandisha ng'ombe huku juu kutafuta majani. Alikuwa na binti wa miaka kama kumi na moja. Akasema binti amemaliza la tatu kwenye shule moja upande wa Basotu. Nikauliza barua ya uhamisho.

"Hatukuaga mtu, mwalimu. Ng'ombe walikuwa wanakufa."

Nikamwambia utaratibu ni utaratibu, arudi huko akaichukue. Binti alitutazama mmoja mmoja. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akaanza kusoma kwa sauti tangazo lililobandikwa ukutani nyuma yangu. Neno kwa neno mpaka mwisho, hadi cheo cha aliyelitia saini. Alikuwa ananionyesha.

Nikamwambia vizuri sana, lakini barua.

Baba akasema, "Haya." Wakaondoka. Wiki ileile niliandika hapa makala ndefu juu ya haki za wafugaji na mashamba ya ngano yaliyowameza malisho yao, na mlinisifu sana.

Hawakurudi. Siwezi kuwatafuta, maana jina la yule binti sikuliandika popote. Rejista ina mistari ya walioandikishwa, waliohama na waliofariki. Ya waliorudishwa mlangoni haina.

Watoto ishirini na mbili watakuwa njiani saa chache zijazo. Kutakucha, na bado mimi ndiye mwalimu wa uandikishaji.